Kuchagua waifai ya meshi: pima nyumba kwanza, nunua baadaye

Sebuleni video inafunguka papo hapo. Ukiingia chumba cha mwisho kwenye korido, mduara unazunguka tu, sauti ya unayeongea naye inakatikakatika, na mwishowe unatoka kwenda kukaa kwenye ngazi ili umalize mazungumzo. Hali hii ndiyo inayowasukuma wengi kununua waifai ya meshi, yaani vituo viwili au zaidi vinavyosambaza mtandao mmoja nyumba nzima, na mara nyingi ni uamuzi mzuri. Lakini nimeingia pia kwenye nyumba ambazo vituo vitatu vya gharama kubwa vimeshafungwa na chumba cha mwisho bado kinahangaika. Mnunuzi aliangalia namba kubwa ya kasi iliyochapwa kwenye boksi, akasahau kuuliza jambo moja: kituo cha pili kitapokeaje intaneti kutoka kituo cha kwanza?

Kila kitu katika mwongozo huu kinazunguka swali hilo. Tutaanza na vipimo, kwa sababu bila vipimo unanunua gizani, kisha tuingie kwenye uchaguzi wenyewe na ufungaji.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni waifai kweli

Tunaposema "intaneti mbovu" tunachanganya vitu viwili. Kuna intaneti inayoingia nyumbani kutoka kwa mtoa huduma, na kuna waifai inayoisambaza ndani ya nyumba. Meshi inagusa cha pili tu. Haiwezi kuongeza hata megabiti moja juu ya kile kinachoingia mlangoni.

Chukua kompyuta, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo, zima waifai ya kompyuta hiyo, halafu pima kasi. Rudia asubuhi, mchana na jioni, saa ambazo watu wengi wako mtandaoni. Ukipata karibu na kasi unayolipia, mtoa huduma ametimiza sehemu yake na tatizo liko ndani ya nyumba. Ukipata nusu, simu ya kwanza ipige kwa mtoa huduma. Usinunue kitu bado.

Kisha pima kwa waifai ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, halafu pima ukiwa kwenye chumba kinachosumbua. Andika namba zote kwenye karatasi. Kwa mfano, kwa megabiti kwa sekunde: kebo 200, karibu na ruta 180, chumba cha nyuma 12. Namba za namna hii zinasema wazi kwamba mawimbi yanaishia njiani, na hapo meshi inaweza kukusaidia. Namba kama 200, 35, 10 zinasimulia jambo lingine: ruta yenyewe imechoka au imewekwa pabaya, maana hata ukiwa mbele yake inashindwa.

Kuna dalili moja ambayo meshi haiponyi, na inawapotezea watu fedha. Kama simu ya video inaganda pale tu mtu mwingine nyumbani anapopakia picha au faili kubwa, hata ukiwa umekaa karibu kabisa na ruta, shida ni foleni inayojaa ndani ya ruta. Dawa yake ni ruta yenye uwezo wa kupanga foleni ya data vizuri. Jaribu hilo kabla ya kulaumu mawimbi.

Hatua ya 2: Hamisha ruta uliyonayo

Hatua hii haina gharama, na ni ajabu jinsi inavyorukwa. Ruta nyingi hukaa pale fundi alipotobolea ukuta siku ya kwanza: sakafuni karibu na mlango, nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati pamoja na nyaya. Televisheni ina bamba kubwa la chuma mgongoni. Kioo cha kujitazamia kina tabaka jembamba la madini. Tangi la samaki ni maji matupu, na maji hunywa mawimbi ya waifai. Kila kimoja kati ya hivi hula sehemu ya mawimbi kabla hayajafika ukutani.

Nunua kebo ndefu zaidi, ipandishe ruta juu ya rafu, iwe wazi pande zote na karibu na katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana. Kisha ingia kwenye mipangilio yake. Waifai husafiri kwenye bendi, yaani mafungu ya masafa kama gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kila bendi imegawanywa katika chaneli. Kwenye bendi ya gigahezi 2.4 chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizoingiliana, na weka upana wa megahezi 20. Kama unaishi kwenye jengo lenye majirani wengi, utaona tofauti haraka.

Rudia vipimo. Kwa baadhi ya nyumba safari inaishia hapa.

Hatua ya 3: Chora ramani na uandike nguvu ya mawimbi

Kipimo cha kasi peke yake hakitoshi, kwa sababu kinayumba na hali ya intaneti nzima. Unahitaji pia nguvu ya mawimbi, ambayo hupimwa kwa dBm. Namba zake huandikwa na alama ya kutoa mbele, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Karibu na ruta utaona kama -40. Kwenye -60 kila kitu kinaenda vizuri. Mafundi wengi huchukua -67 kuwa mpaka wa chini kwa simu za sauti na video. Ukivuka -70 unaanza kuhisi mashaka, na kwenye -80 kifaa kinaonyesha kimeunganishwa lakini hakuna cha maana kinachopita. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakipandi kama rula: kushuka kwa desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyokuwa nayo.

Kwenye simu ya Android pakua programu yoyote ya kuchunguza waifai inayoonyesha dBm. Kwenye iPhone, programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ina kichunguzi cha waifai ambacho lazima kwanza ukiwashe ndani ya mipangilio ya simu. Kwenye kompyuta ya Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibonyeza alama ya waifai juu ya skrini. Namba itajitokeza kwenye orodha.

Chora nyumba kwa mkono, ghorofa kwa ghorofa. Haihitaji kupendeza. Tembea ukisimama pale watu wanapokaa hasa: kwenye dawati, kitandani, jikoni, kibarazani. Andika namba kila unaposimama, kwa gigahezi 2.4 na kwa gigahezi 5 kama unaweza kuzitenganisha.

Usipime tu katikati ya vyumba. Kuna nyumba niliyopima ambapo mlangoni mwa chumba cha nyuma simu ilionyesha -64. Nikapiga hatua mbili ndani, nyuma ya nguzo ya zege, ikaanguka hadi -79. Dawati la mwenye chumba lilikuwa nyuma ya nguzo hiyo hiyo. Angeniambia tu kwamba "chumba kizima hakina waifai" ningeweka kituo ndani ya chumba; ramani ikaonyesha kwamba ugomvi ulikuwa na nguzo, na kituo kikafanya kazi vizuri kwenye korido mkabala na mlango.

Kwenye ramani hiyo andika pia kuta zimejengwa kwa nini. Mbao na jipsamu hupitisha mawimbi kwa urahisi. Tofali hupunguza. Zege lenye nondo hupunguza sana, na sakafu ya ghorofa mara nyingi ndiyo ngumu kuliko kuta zote. Tabaka la karatasi ya aluminiamu linalowekwa ukutani au darini kuzuia joto linaweza kuzima mawimbi karibu kabisa. Na katika kuta hizo hizo, gigahezi 2.4 hupenya zaidi kuliko 5, na 5 hupenya zaidi kuliko 6. Kasi kubwa huja na mawimbi yasiyofika mbali. Hilo halina njia ya kulikwepa.

Hatua ya 4: Jiulize kama ni meshi unayohitaji

Mfumo wa meshi ni seti ya vituo viwili au zaidi vinavyotangaza mtandao mmoja wenye jina moja na nenosiri moja, vikisimamiwa kutoka mahali pamoja. Unatembea na simu yako, na simu inahama kutoka kituo kimoja hadi kingine bila wewe kuchagua mtandao mpya. Raha yake iko kwenye usimamizi huo wa pamoja.

Kama chumba kimoja tu ndicho kinachosumbua na unaweza kufikisha kebo pale, huhitaji meshi. Kituo kimoja cha waifai kilichochomekwa kwenye kebo hiyo kitamaliza kazi. Kama nyumba ni ndogo na ruta ina miaka mingi, badilisha ruta kwanza.

Na vile vikuza mawimbi vya kuchomeka kwenye soketi? Wengi wanavidharau na kuisifu meshi, ilhali mfumo wa meshi wa daraja la chini, ukiunganishwa bila kebo, hufanya kazi kwa kanuni ile ile: unapokea mawimbi na kuyarusha tena. Meshi inavishinda kwa jina moja la mtandao, kuhama kwa utulivu na masasisho ya pamoja. Haishindi fizikia. Hapo ndipo tunarudi kwenye swali letu.

Hatua ya 5: Amua vituo vitaunganishwaje

Kwenye boksi utakuta imeandikwa "backhaul". Mimi nitaiita njia ya kati: ni mawasiliano ya kituo na kituo, tofauti na mawasiliano ya kituo na simu yako. Ukikosea hapa, hakuna namba nyingine itakayokuokoa.

Kebo ndiyo mfalme. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na vifaa vya gigabiti 2.5 vilibuniwa vifanye kazi juu ya kebo hiyo hiyo. Kama kuta zako tayari zina nyaya za mtandao, au unajenga, au unaweza kupitisha kebo pembeni mwa dari, fanya hivyo hata kama itakuchukua mwisho wa wiki mzima. Vituo vya daraja la kati vilivyounganishwa kwa kebo vitavishinda vya daraja la juu vinavyotegemea hewa. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba ukiniuliza utumie fedha yako ya ziada wapi, nitakwambia kwenye kebo kabla ya kwenye vituo.

Kama nyumba ina nyaya za koaksi za televisheni ambazo hazitumiki, kuna adapta za MoCA zinazozigeuza kuwa njia ya data. Toleo la MoCA 2.5 linaweza kufikia gigabiti 2.5 kwa sekunde. Weka kichujio chake pale waya unapoingia nyumbani ili mawimbi yako yasitoke nje. Adapta za kupitisha data kwenye nyaya za umeme zipo pia, lakini hutegemea mno jinsi nyaya zilivyotandazwa. Nyumba moja zinaridhisha, nyumba ya pili zinakwama kila friji inapowaka. Zinunue pale tu unaporuhusiwa kuzirudisha.

Sasa, bila kebo. Fikiria watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji. Mtu wa katikati mwenye jozi moja ya mikono hawezi kupokea ndoo na kukabidhi nyingine kwa wakati mmoja. Atapokea, atageuka, atakabidhi, atarudi. Hivyo ndivyo kilivyo kituo chenye bendi mbili: redio yake ya gigahezi 5 inaongea na kituo kikuu, na redio hiyo hiyo inaihudumia simu yako, kwenye chaneli moja. Kila mruko wa data kutoka kituo hadi kituo unakata kasi karibu nusu. Njia ya kati ikibeba megabiti 400, simu iliyo kwenye kituo cha pili itapata kama 200, na ukiunga kituo cha tatu nyuma ya cha pili, kinachobaki ni kidogo zaidi.

Mfumo wenye bendi tatu humpa mtu wa katikati jozi ya pili ya mikono. Redio moja imetengwa kwa ajili ya njia ya kati, nyingine inahudumia vifaa vyako. Kwenye mifumo ya Wi-Fi 5 na Wi-Fi 6 (namba hizi ni vizazi vya waifai) redio hiyo ya tatu kwa kawaida huwa ya gigahezi 5. Kwenye Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7 mara nyingi ni ya gigahezi 6, yenye nafasi pana na majirani wachache. Lakini kumbuka kuta: gigahezi 6 ikikutana na zege mara mbili, mfumo utalazimika kurudi kwenye gigahezi 5. Ukiwa na vituo vinavyoonana kupitia korido au mlango ulio wazi, gigahezi 6 ni tamu sana. Ukiwa na sakafu ya zege kati ya vituo, usiilipie kwa ajili ya njia ya kati. Wi-Fi 7 ina jambo moja la nyongeza linalosaidia hapa, nalo ni uwezo wa kutumia bendi zaidi ya moja kwa pamoja kwenye muunganisho mmoja, hivyo bendi moja ikidhoofika nyingine inashika.

Kwa kifupi cha vitendo: ukiwa na kebo kati ya vituo, mfumo wa bendi mbili unatosha kabisa. Bila kebo, na intaneti yako ikiwa chini ya megabiti 100, bendi mbili bado zitakufaa kwa kituo kimoja cha ziada. Bila kebo na intaneti ya kasi zaidi ya hapo, au vituo viwili vya ziada, nenda bendi tatu.

Hatua ya 6: Soma boksi kwa jicho kali

Ile namba kubwa, kwa mfano AX3000, ni jumla ya kasi za redio zote kwa megabiti kwa sekunde. Chukua 574 za gigahezi 2.4, ongeza 2402 za gigahezi 5, unapata 2976, na mtengenezaji anakamilisha hadi 3000. Hakuna simu inayotumia zote kwa pamoja. Simu nyingi zina antena mbili, na kwenye Wi-Fi 6 kwa chaneli ya megahezi 80 kiwango chao cha juu kwenye karatasi ni 1201. Kasi unayoipata mkononi ni kama nusu ya hapo au zaidi kidogo, ukiwa karibu. Kwa hiyo AX1800, ambayo ni 574 na 1201, inaitosha nyumba yenye intaneti ya megabiti 300 vizuri sana.

Eneo linaloandikwa, "hadi mita za mraba kadhaa", lichukulie kama eneo lisilo na kuta. Ramani yako uliyochora ina thamani kuliko sentensi hiyo.

Kuhusu vizazi: Wi-Fi 5 ilianza kuthibitishwa rasmi 2013, Wi-Fi 6 ikathibitishwa 2019, na Wi-Fi 7 ilifuata Januari 2024. Leo singenunua mfumo ulio chini ya Wi-Fi 6, kwa sababu ya WPA3, kiwango kipya cha usalama wa waifai, na jinsi unavyohudumia vifaa vingi kwa pamoja. Kupanda hadi Wi-Fi 7 kuna maana kama simu na kompyuta zako zinaitumia, au kama unataka ile njia ya kati yenye bendi nyingi. Kabla ya kulipia gigahezi 6, angalia nchi yako imeruhusu nini. Marekani ilifungua megahezi 1200 mwaka 2020, Umoja wa Ulaya ukafungua 480 za chini mwaka 2021, na nchi nyingine zina kanuni zao.

Halafu geuza boksi uhesabu matundu ya kebo. Tundu la gigabiti moja hupitisha kama megabiti 940 halisi. Kama intaneti yako inazidi hapo unahitaji tundu la 2.5, tena kwenye kituo kikuu kabla ya vingine. Jambo linalowaumiza watu zaidi ni vituo vya ziada visivyo na tundu hata moja. Ukivinunua hivyo umejifungia mlango wa kebo milele, na televisheni iliyo karibu yake haitachomekwa kamwe. Nataka angalau matundu mawili kwa kila kituo: moja la kupokea, moja la kugawa.

Hatua ya 7: Chunguza programu na ahadi za mtengenezaji

Vituo vyenyewe vitakaa nawe miaka mitano au zaidi, kwa hiyo programu inayoviendesha ina uzito sawa na redio. Kabla ya kununua, tafuta majibu ya haya: je, vinajisasisha vyenyewe, na mtengenezaji anaahidi masasisho kwa muda gani? Je, lazima ufungue akaunti, na unaweza kuingia kwenye mipangilio intaneti ikiwa imekatika? Je, udhibiti wa muda wa watoto na ulinzi umo kwenye bei au unalipiwa kila mwezi? Hilo la mwisho ligeuze kuwa jumla ya miaka mitano kabla ya kulinganisha mifumo.

Mifumo mingi haichanganyiki. Deco ya TP-Link haitaunganika na Orbi ya Netgear, wala eero ya Amazon na ZenWiFi ya Asus. Asus wana AiMesh, inayokuruhusu kuunganisha ruta zao nyingi za kawaida kuwa meshi, na hii ni njia nzuri kama tayari unayo mojawapo. Shirika la Wi-Fi Alliance lilitoa kiwango cha EasyMesh mwaka 2018 ili vifaa vya watengenezaji tofauti vielewane; kama unategemea hilo, hakikisha alama yake iko kwenye vifaa vyote viwili.

Angalia pia kama mfumo unaweza kutenga mtandao wa gigahezi 2.4 peke yake. Taa, kamera na soketi nyingi za kisasa hutumia bendi hiyo tu, na zinaweza kugoma kuunganishwa mara ya kwanza jina la mtandao likiwa moja kwa bendi zote. Mtandao huo ukitengwa na kompyuta zako, unapata na usalama juu yake.

Hatua ya 8: Anza na vituo viwili

Seti ya vituo vitatu huonekana ni nafuu kwa kila kimoja, na wauzaji wataisukuma. Nunua viwili. Vituo vikikaribiana mno vinagombania hewa, na simu inachanganyikiwa ishike kipi. Nyumba nyingi za ghorofa moja zinatoshelezwa na viwili vilivyowekwa vizuri. Kama ramani itaonyesha pengo baada ya hapo, ongeza cha tatu ukiwa na sababu.

Hatua ya 9: Funga kwa mpangilio

Kituo kikuu kichomeke kwenye modemu, kile kifaa kinachopokea intaneti ya mtoa huduma. Kama kifaa cha mtoa huduma ni modemu na ruta kwa pamoja, usiache ruta mbili zikifanya kazi ya kupanga anwani, moja nyuma ya nyingine; michezo ya mtandaoni na baadhi ya kamera zitakusumbua. Ama weka kifaa cha mtoa huduma kwenye hali ya daraja (bridge), kipitishe tu intaneti, ama weka meshi kwenye hali ya AP, isambaze waifai tu, na ukiachie kifaa cha mtoa huduma kazi ya ruta. Kwa vyovyote vile, zima waifai ya kifaa cha zamani. Ikibaki hai itashindana na vituo vyako vipya, na utakuja kulaumu meshi bure.

Tumia jina na nenosiri lile lile la mtandao wako wa zamani. Vifaa vyote vitaingia vyenyewe, nawe utakuwa umejiokolea jioni nzima ya kuzunguka na nenosiri kutoka taa hadi taa.

Sasa kituo cha pili, bila kebo. Kosa kubwa ni kukiweka ndani ya chumba chenye shida. Kule kitapokea mawimbi dhaifu na kuyagawa dhaifu, ingawa simu yako itaonyesha mistari yote imejaa, kwa sababu mistari hiyo inapima umbali wako na kituo, haipimi njia ya kati. Kiweke katikati ya safari, pale ambapo mawimbi ya kituo kikuu bado ni -60 au karibu na hapo, ikiwezekana kikiona kituo kikuu kupitia mlango. Ukiwa na cha tatu, vyote viwili viungane na kikuu moja kwa moja; usivipange mkia kwa mkia isipokuwa nyumba ni ndefu na huna namna.

Ukitumia kebo, kanuni hii inabadilika: weka kituo pale pale watu wanapokaa, maana hakitegemei hewa. Televisheni, mashine ya michezo na kompyuta ya mezani zichomeke kwa kebo kwenye kituo kilicho karibu, hata kama kituo chenyewe kinapokea kwa hewa. Kila kifaa unachokiondoa hewani kinawaachia wengine nafasi.

Hatua ya 10: Pima tena, kisha tembea

Chukua ile karatasi ya mwanzo na upite sehemu zile zile, saa zile zile. Chumba kilichokuwa na 12 sasa kinasoma ngapi? Kama dBm ni nzuri, tuseme -50, lakini kasi bado ni ndogo, tatizo ni njia ya kati. Sogeza kituo mita moja au mbili kuelekea kikuu, pima, sogeza tena. Programu nyingi huonyesha ubora wa muunganisho kati ya vituo. Iamini hiyo kuliko mistari ya simu.

Halafu piga simu ya video na utembee nayo kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho. Ikikatika sekunde nzima katikati ya korido, jua kwamba uamuzi wa kuhama hufanywa na simu, si kituo. Vituo vinaweza kushauri tu, kwa viwango vinavyoitwa 802.11k na 802.11v, na kuharakisha kuhama kwa 802.11r. Washa viwango hivyo kwenye mipangilio. Ukikuta kifaa cha zamani kinakataa kuunganika baada ya hapo, zima 802.11r peke yake, kwa sababu ndiyo inayovisumbua vifaa vya zamani. Simu iking'ang'ania kituo cha mbali, punguza nguvu ya kurusha ya kituo hicho kama mfumo unaruhusu, au kiweke mbali zaidi na mwenzake.

Kuna hitilafu moja ya kushangaza ambayo huonekana baada ya siku chache: waifai ya gigahezi 5 inapotea kwa dakika moja hivi kisha inarudi. Baadhi ya chaneli za bendi hiyo, kuanzia 52 hadi 144, zinatumiwa pia na rada, na kituo kikihisi rada kinalazimika kuhama. Kama uko karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa, chagua chaneli ya 36 hadi 48 na mchezo huo utakoma.

Tunza boksi na risiti hadi wiki mbili za jioni zenye watu wote nyumbani zipite. Pima siku ya kazi na siku ya mapumziko, mlango wa chumba ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Kama chumba cha nyuma bado kiko chini ya -70 baada ya kusogeza kituo mara tatu au nne, rudisha seti na uulize fundi gharama ya kupitisha kebo moja hadi pale.